Nyota Iliyozaliwa Darasani

Katika pembe ya mashariki ya Ujerumani, karibu na mahali nchi hiyo inapopakana na Poland na Jamhuri ya Cheki, uko mji mdogo uitwao Herrnhut. Msafiri atokaye Löbau kwenda Zittau huufikia baada ya kupita mashamba, misitu ya misonobari na vilima vya chini vya jimbo la Saksonia. Si mji wa kumshangaza mtu kwa ukubwa. Nyumba zake ni za kiasi, mapaa yake yameinama ili theluji iteleze, na katikati ya mji limesimama jumba la ibada ambalo ndani yake karibu kila kitu ni cheupe: kuta nyeupe, mabenchi meupe, bila sanamu na bila dhahabu.

Mwezi wa Desemba sehemu hizo huwa na giza jingi. Saa kumi jioni, wakati ambapo kwetu watoto bado wanacheza mpira uwanjani, huko jua limekwisha kuzama. Ndipo Herrnhut inapopambwa. Tangu Jumapili ya kwanza ya Adventi, yaani majuma manne hivi kabla ya Krismasi, hadi tarehe 6 Januari, siku wanayokumbukwa mamajusi waliofuata nyota, kila baraza na kila dirisha hutundikwa nyota kubwa ya karatasi yenye taa ndani yake. Nyota hiyo haifanani na ile ya bapa ichorwayo na watoto kwenye daftari. Ina ncha 25, na ncha hizo zimeelekea kila upande, juu, chini na pembeni, hata mtu akiitazama kutoka mahali popote hukuta ncha moja imemlenga yeye.

Wageni wengi hudhani kuwa kitu cha namna hiyo kilibuniwa na fundi mashuhuri, au kiliagizwa na mfalme kwa ajili ya kasri lake. Sivyo ilivyo. Nyota hiyo ilitoka mikononi mwa wanafunzi wa shule ya bweni, na ilianza kama zoezi la hesabu.

KIJIJI CHA WAKIMBIZI

Ili kuielewa nyota, yafaa kwanza kuujua mji wenyewe. Mwaka 1722 kikundi kidogo cha wakimbizi kutoka Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, kilivuka mpaka kuingia Saksonia. Hao walikuwa mabaki ya kanisa la zamani lililofuata mafundisho ya Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415. Kwao hawakuruhusiwa kuabudu kama walivyotaka. Kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliwapa mahali katika shamba lake la Berthelsdorf. Mwezi wa Juni mwaka huo seremala Christian David aliangusha mti wa kwanza, na nyumba zikaanza kujengwa. Mahali hapo pakaitwa Herrnhut, maana yake ulinzi wa Bwana.

Miaka kumi tu baadaye, wakati kijiji kingali kichanga, wakazi wake walianza kuwatuma wenzao ng'ambo. Mwaka 1732 wawili walikwenda visiwa vya Karibi kuhubiri miongoni mwa watumwa wa mashamba ya miwa. Mwaka 1733 wengine walikwenda Greenland, mwaka 1735 Suriname, na mwaka 1737 mmoja wao alifika Afrika Kusini. Waliondoka seremala na wafinyanzi, watu wa kazi za mikono, wengi wao bila fedha. Ndivyo walivyoenea Wamoravian, na ndivyo jina la mji mdogo wa Saksonia lilivyopata kujulikana pwani za mbali.

WATOTO WALIOBAKI

Lakini wahubiri hao walioa na kuzaa, na hapo ndipo lilipozuka jambo gumu. Katika nchi walizotumwa kulikuwa na homa zilizoua watoto wengi, na hakukuwa na shule ya namna waliyoitaka. Kwa hiyo ukawekwa utaratibu kwamba mtoto akifikia umri wa kuanza masomo arudishwe Ulaya na kulelewa katika shule za bweni za kanisa. Shule hizo zilikuwa katika miji kama Kleinwelka, karibu na Bautzen, na Niesky, yapata kilomita 30 kaskazini ya Herrnhut. Niesky nao ulianzishwa na wakimbizi, mwaka 1742, na jina lake limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya chini au nyenyekevu.

Mtoto wa miaka sita au saba alipandishwa melini, akaagana na mama yake, na kwa kawaida hakumwona tena kwa miaka mingi. Wengine hawakuonana tena kabisa hapa duniani. Barua ndizo zilizobaki kuwa kamba ya kuwaunganisha, nazo zilikwenda polepole mno. Kule Labrador, pwani ya barafu ambayo leo ni sehemu ya Kanada, meli ya misheni ilifika mara moja tu kwa mwaka. Mtoto ambaye wazazi wake walikuwa huko aliweza kuuliza swali akiwa na miaka minane, na akapata jibu alipokuwa na tisa.

Msomaji wa leo, hasa mzazi, atauona utaratibu huo kuwa mchungu. Hata hivyo isidhaniwe kwamba walimu wa shule hizo hawakuuona uchungu huo. Walijua kwamba siku za sikukuu ndizo ngumu kuliko zote kwa mtoto aliye mbali na nyumbani. Siku ya kazi hupita kwa kengele na masomo. Siku ya furaha ndiyo imkumbushayo mtu asiyekuwapo.

MSHUMAA WA KILA MTOTO

Jumuiya hiyo ilikuwa imekwisha kujifunza mapema kwamba mtoto mdogo hashiki hadithi kwa masikio peke yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1747, huko Marienborn, magharibi ya Ujerumani, Askofu Johannes von Watteville aliwakusanya watoto kuwasimulia kuzaliwa kwa Yesu. Alipomaliza hakuwaacha waende hivi hivi. Alimpa kila mmoja mshumaa mdogo uliowashwa, uliofungwa utepe mwekundu, ili aushike mwenyewe na auone moto unavyowaka katikati ya giza.

Desturi hiyo haijafa. Hata sasa, jioni ya kuamkia Krismasi, watoto wa Kimoravian katika nchi nyingi hupewa mishumaa hiyo, na karatasi nyekundu iliyokatwa-katwa ukingoni huviringwa chini yake ili nta isidondokee vidole. Kutayarisha karatasi hizo ni kazi ya siku nyingi kabla, na mara nyingi mikono midogo hushirikishwa. Vivyo hivyo katika Jumapili ya kwanza ya Adventi huimbwa wimbo wa Hosianna uliotungwa na Christian Gregor katika karne ya 18, ambao huimbwa kwa kupokezana: upande mmoja watoto, upande mwingine watu wazima. Katika ibada hiyo mtoto si mtazamaji. Asipoimba yeye, wimbo unakatika.

SOMO LA HESABU

Katika moyo huo huo, mwanzoni mwa karne ya 19, nyota ilizaliwa katika madarasa ya Niesky. Mwalimu wa jiometri alikuwa na tatizo ambalo kila mwalimu analijua: namna ya kumfanya mtoto aelewe umbo lenye pande nyingi kwa kulichora tu ubaoni. Jawabu lilikuwa karatasi, mkasi na gundi. Wanafunzi walipima, wakakata, wakakunja piramidi, kisha wakaziunganisha piramidi hizo tako kwa tako hadi zikawa tufe lenye miiba. Mwaka 1821, katika sherehe ya shule hiyo, nyota yenye ncha 110 ilitundikwa uani, na watu wakaitazama kwa mshangao.

Kutoka ubaoni nyota ikaingia bwenini. Wanafunzi wakaanza kutengeneza nyota zao za karatasi nyeupe na nyekundu na kuzitundika katika vyumba vyao Adventi ilipowadia. Simulizi za Wamoravian hukumbuka kwamba wengi wa waliokunja karatasi hizo walikuwa watoto wa wahubiri wa ng'ambo. Mtu hana haja ya kuongeza chumvi katika habari hiyo. Yatosha kufikiri juu ya chumba cha bweni jioni ya Desemba, upepo ukivuma nje, na meza iliyozungukwa na wavulana ambao mmoja baba yake yuko Suriname, mwingine mama yake yuko Greenland. Kila mmoja anakunja ncha moja. Kazi inataka macho na vidole, na inamtaka kila mtu, kwa maana nyota iliyopungukiwa ncha moja ina shimo ambalo kila aingiaye hulitambua.

Wavulana hao walipokua walitawanyika, na wengi walifuata njia za wazazi wao. Walipokuwa na nyumba zao wenyewe waliwafundisha watoto wao kukunja nyota. Hivyo kitu kilichoanzishwa na watoto wasio na nyumba karibu kikawa alama ya nyumba. Mpaka leo katika familia nyingi nyota haitundikwi ikiwa tayari. Ncha zake huwekwa katika sanduku mwaka mzima, na Adventi inapofika baba, mama na watoto huketi pamoja kuziunganisha upya.

KARAKANA NA MOTO

Mwanafunzi mmoja wa zamani wa Niesky, Pieter Hendrik Verbeek, ndiye aliyeipeleka nyota nje ya jumuiya. Mwishoni mwa karne ya 19 alianza kuuza katika duka lake la vitabu huko Herrnhut nyota ambazo mnunuzi aliweza kuziunganisha mwenyewe kwa kufuata maelezo. Baadaye ikaanzishwa karakana, na nyota zikasafirishwa mbali.

Mji wenyewe haukusalimika katika misukosuko ya karne iliyofuata. Mwezi wa Mei mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inamalizika, moto uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya Herrnhut, pamoja na lile jumba jeupe la ibada. Baada ya vita lilijengwa upya kwa sura ile ile ya kiasi. Nyota ziliendelea kutengenezwa hapo katika miaka yote ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, iliyokuwapo hadi mwaka 1990, na zinatengenezwa hata sasa. Mwaka 2024 Herrnhut iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na miji miwili mingine ya Wamoravian, Gracehill wa Ireland ya Kaskazini na Bethlehem wa Pennsylvania, Marekani.

Mgeni anayeingia katika karakana hiyo huwaona mafundi wakifanya kazi kwa mikono, kama ilivyokuwa zamani. Watoto nao hupewa nafasi ya kujaribu kutengeneza nyota zao.

Nje ya mji, juu ya kilima cha Hutberg, yako makaburi ambayo Wamoravian huyaita Shamba la Mungu. Mawe ya makaburi yamelazwa chini na yanafanana karibu yote, ya fundi viatu na ya mwalimu, kwa sababu waliolala hapo waliaminiwa kuwa sawa. Kutoka juu ya kilima, jioni ya Adventi, mtu huiona mianga ya nyota ikitokeza kati ya mapaa ya mji.

KUTOKA HERRNHUT HADI RUNGWE

Habari hii ya mbali ina mlango wake katika nchi zetu. Mwaka 1891 wahubiri wa Kimoravian walifika Rungwe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, na miaka michache baadaye wenzao walianza kazi katika sehemu za Tabora. Walitoka katika jumuiya hii hii ya Herrnhut. Mbegu hiyo imekua kupita mti wenyewe. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kutoka huko makanisa yamechipuka katika nchi jirani, miongoni mwazo Zambia, Malawi, Burundi na Kongo. Mtoto wa Mbeya ashikaye mshumaa usiku wa Krismasi anashika, bila kujua pengine, desturi ya mwaka 1747.

Hata hivyo faida ya nyota ya Niesky si ya dhehebu moja. Katika madarasa yetu wapo watoto Wakristo na Waislamu walioketi dawati moja. Hadithi ya kuzaliwa kwa mtoto wa Mariamu inajulikana kwa wote wawili, ingawa kila mmoja anaisikia nyumbani kwao kwa namna yake, na mwalimu mwenye busara atawaheshimu wazazi katika jambo hilo. Lakini kupima, kukata na kukunja ni somo la kila mtoto. Tena katika madarasa hayo hayo wapo wanaoishi mbali na wazazi: aliyepelekwa kwa bibi, aliyekimbia vita, ambaye baba yake yuko migodini au mjini akitafuta riziki. Kwa mwezi wa Desemba watoto hao hawana tofauti kubwa na wale wa Niesky.

KUTENGENEZA NYOTA DARASANI

Vifaa vyake havina gharama kubwa. Yatakiwa karatasi ngumu, hata makasha ya zamani yaliyo membamba, rula, penseli, mkasi, na gundi. Gundi isipopatikana, unga wa muhogo au wa ngano upikwe kwa maji mpaka uwe uji mzito, kisha upoe.

Nyota ina ncha za aina mbili: 17 zenye tako la mraba, na 8 zenye tako la pembetatu. Kwa ncha ya mraba chora pembetatu nne zilizopangwa ubavu kwa ubavu kama upepeo, kila moja ikiwa na tako la sentimita 6 na mbavu za sentimita 15. Kwa ncha ya pembetatu chora tatu tu, za kipimo hicho hicho. Acha ukingo wa sentimita 1 kwenye ubavu wa mwisho na kwenye kila tako, kwa ajili ya kupaka gundi. Kata, kunja juu ya mistari, kisha funga piramidi kwa kugandisha ubavu wa kwanza na wa mwisho. Kingo za tako zikunjwe kuelekea ndani.

Kuunganisha kunaanzia katikati. Gandisha ncha 8 za mraba ziwe mkanda wa duara. Juu ya mkanda huo panga ncha 4 za mraba na 4 za pembetatu zikipokezana: moja ya mraba, moja ya pembetatu, hadi duara likamilike. Fanya vivyo hivyo chini. Mwisho ziba shimo la chini kwa ncha moja ya mraba. Hesabu yake ni 8, na 8, na 8, na 1, jumla 25. Shimo la juu liachwe wazi, maana ndipo mwanga unapoingilia na kamba inapofungwa. Katika nyota ya karatasi kamwe usiwekwe mshumaa wala koroboi. Tochi ndogo au taa isiyopata moto yatosha.

Watoto wadogo hawawezi kuunganisha nyota nzima, wala hawatakiwi. Mwalimu achore na kukata, na kila mtoto apewe ncha yake moja ya kukunja, kupaka rangi na kuandika jina lake kwa ndani. Wakati vidole vinafanya kazi, hadithi isimuliwe polepole. Darasa la watoto 25 litapata nyota moja kamili, la watoto 50 litapata mbili, na hakuna atakayesema kwamba nyota si yake. Mtoto ambaye hakufika siku hiyo aandaliwe ncha yake na kuwekewa. Nyota isifungwe mpaka arudi.